Lamu, Jirani Ambaye Garissa Haimtembelei

Kule Ulaya mtu hutoka kazini Ijumaa, akanunua tiketi ya ndege ya bei nafuu, na kesho yake asubuhi yuko Dubrovnik au Venice akizunguka vichochoro vya mawe vilivyojengwa karne nyingi zilizopita. Jumapili usiku amelala kwake. Safari ya ghafla ya namna hiyo, isiyo na ratiba wala mzigo zaidi ya begi moja, wengi wa Garissa wameiona kwenye simu tu na kuihesabu kuwa starehe ya wenzao. Ilhali mji wa kale wa bahari, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, uko karibu nao kuliko Nairobi.

Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani, kutoka Garissa hadi kisiwa cha Lamu ni kilomita 250 hivi. Kwenda Nairobi mstari huo unapita 300. Barabarani hesabu hubadilika, kwa sababu hakuna lami iliyokamilika inayokata moja kwa moja kupitia Ijara na msitu wa Boni. Msafiri huufuata Mto Tana kuelekea kusini hadi Garsen, kisha hukunja mashariki kupitia Witu. Hata hivyo mwendo wote unakaribiana na ule wa Nairobi, ambao watu wa Garissa huufanya kila wiki kwa ajili ya biashara, hospitali na vyuo bila kuuona kuwa jambo kubwa.

Kutotembeleana huku kuna historia yake, na inafaa isemwe kabla ya begi kufungwa. Tangu sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902, serikali ya kikoloni ilikuwa na uwezo wa kulifunga eneo zima la kaskazini, na sheria nyingine ya mwaka 1934 ikazidi kuwabana wakazi wake. Wa ndani alihitaji kibali cha kutoka, wa nje kibali cha kuingia. Mifugo nayo iliwekewa karantini, ikazuiwa kufika kwenye masoko ya kusini na ya pwani. Uhuru ulipokuja, kufuli hazikufunguliwa. Mwishoni mwa Desemba 1963, wiki chache tu baada ya bendera mpya kupandishwa, kaskazini mashariki iliwekwa chini ya hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Shifta, vya kutaka kujitenga. Vita vilipokwisha mwaka 1967, sheria zile zilibaki. Na jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba Lamu ilikuwamo: sheria ya mwaka 1970 ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda wakati ule inautaja Mkoa wa Kaskazini Mashariki pamoja na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Jirani hawa wawili walifungiwa nyumba moja, kila mmoja chumba chake.

Hali hiyo ya hatari iliondolewa Novemba 1991. Kwa hiyo mtu wa Garissa mwenye umri wa miaka 60 leo aliumaliza ujana wake akijua kwamba kusafiri ni jambo la kuombewa ruhusa. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walihakikiwa upya na kupewa kadi ya pekee ya kuthibitisha uraia wao, na hata baada ya hapo kijana wa kaskazini mashariki aliyetafuta kitambulisho alipitishwa kwenye mahojiano ambayo mwenzake wa Nyeri au Kisii hakuyajua. Ni Februari 2025 tu ambapo Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuuondoa uhakiki huo wa ziada. Uhuru wa kuamka na kusema "twende" ni mdogo kwa wanaouzoea. Kwa Garissa ni mpya kiasi kwamba unastahili kutumiwa.

Safari huanza baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali. Gari likivuka daraja la Tana huwa limeshaingia kaunti nyingine, maana Madogo, ng'ambo tu ya mto, ni Tana River. Kuanzia hapo mto hubaki mkono wa kushoto, mara nyingi hauonekani, ila mstari wa miti mirefu ya kijani husema ulipo. Kando ya barabara mathenge umeziba kila pengo. Mti huu uliletwa kuzuia jangwa, ukaishia kuyala malisho, na wafugaji wa pande zote mbili za mto wanaulalamikia kwa sauti moja.

Hola inastahili kusimamishiwa gari. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau waliuawa hapa kwa kupigwa na askari wa gereza kwa sababu walikataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Wakubwa walidai kwanza kwamba waliuawa na maji waliyokunywa. Ukweli ulipotoka ulilitikisa Bunge la Uingereza, na wanahistoria wengi huhesabu mauaji hayo kuwa miongoni mwa mambo yaliyoharakisha uhuru wa Kenya. Mwandishi Gakaara wa Wanjaũ, aliyeandika shajara ya kifungo chake, alizuiliwa Takwa katika kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu, na miaka kadhaa baadaye akaletwa Hola. Barabara hii ya mapumziko ya wikendi iliwahi kuunganisha kambi za mateso.

Kutoka Hola kwenda chini ni nchi ya Wapokomo na maembe yao, pamoja na Waorma na ng'ombe wao, mpaka Garsen na njia panda ya Minjila. Mabasi mengi ya kutoka Garissa hunyoosha kwenda Malindi na Mombasa, hivyo anayekwenda Lamu hushuka hapa na kutafuta gari linalotoka pwani. Kipande hiki cha mwisho cha Witu hadi Mokowe kilikuwa cha vumbi na matope kwa miaka mingi. Sasa kina lami.

Witu unaopita dirishani kwa dakika chache ulikuwa usultani. Ahmed Simba, wa ukoo wa Nabahani uliotawala kisiwa cha Pate, alihamia bara akaujenga mji wake msituni, mbali na mizinga ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1885 alikubali ulinzi wa Wajerumani kupitia ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt. Miaka mitano baadaye, Julai 1890, Ujerumani na Uingereza zilibadilishana maeneo kwenye mkataba uliokihusu kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, na Witu ukapewa Waingereza bila wenyewe kuulizwa. Septemba mwaka huohuo Wajerumani kadhaa waliuawa mjini, na Oktoba jeshi la wanamaji la Uingereza likaja kuuchoma. Anayeuona leo ni mji mdogo wa barabarani wenye maduka na kivuli cha miembe.

Mokowe ndipo lami huishia. Magari hubaki bara. Abiria, magunia ya vitunguu, magodoro na kreti za soda hushushwa pamoja gatini na kugawanywa kwenye boti. Boti ya kasi huvuka kwa muda mfupi sana, ile ya wengi huchukua nusu saa hivi, ikipita katikati ya mikoko. Kwa mtu aliyezaliwa mahali ambapo maji ni ya kuchotwa na kubebwa, kukaa ubavuni mwa boti huku mawimbi yakirusha matone usoni ni kitu cha kuvuta pumzi. Kisha mji hujitokeza: nyumba nyeupe za ghorofa zimepanga foleni ufukoni, milingoti ya mashua mbele yake, minara ya misikiti nyuma yake.

Punda hawatamshangaza mtu wa Garissa, ambako mikokoteni ya punda imewasambazia watu maji miaka nenda miaka rudi. Kitakachomshangaza ni kwamba hapa hata mkokoteni hauna pa kupita. Vichochoro vingi vinatosha punda mmoja aliyebebeshwa mchanga na mtu mmoja aliyejibana ukutani. Anayemswaga huita "simile!" kabla ya kona, na mgeni hujifunza haraka kusogea. Tangu mwaka 1987 kuna kituo cha kuwatibu punda hawa bure ufukoni, kilichoanzishwa na shirika la hisani la Uingereza, na mtu anayemjua punda kama mtumishi wa nyumbani atapenda kusimama dakika chache kutazama wanavyofungwa vidonda vya mgongoni.

Nyumba zenyewe zinahitaji kutazamwa kwa utulivu, na mahali pa kuanzia ni ile nyumba ya karne ya 18 iliyohifadhiwa kuwa makumbusho ndani ya mji. Mlangoni kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili ambapo mwenye nyumba humpokea mgeni bila kumwingiza kwa wake na watoto. Mlango wa ndani haukuwekwa mkabala na wa nje, kwa hiyo mpita njia hata akichungulia haoni kitu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba adhuhuri joto linabaki nje. Vyumba ni virefu na vyembamba, karibu mita tatu tu kwa upana. Sababu iko juu ya kichwa: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba dari ya mawe ikizidi urefu huo. Mti wa baharini ndio uliompa fundi kipimo chake. Ukuta wa chumba cha ndani kabisa umejaa zidaka, safu juu ya safu ya vishubaka vya chokaa iliyochongwa, ambamo waliweka vyombo vya kaure kutoka China na vitu vingine vya thamani.

Mtu aliyelelewa kwenye aqal atayaona haya kwa jicho ambalo mtalii wa Ulaya hana. Nyumba ya mfugaji wa Kisomali ni fito zilizopindwa na mikeka iliyosukwa na akina mama, na mama huyohuyo huifungua, huipakia kwenye ngamia na kuisimamisha mbele ya safari. Wa Lamu alijenga akitarajia kitukuu chake aolewe kwenye chumba kilekile. Watu wote wawili, hata hivyo, walianza na swali moja: mwanamke na familia watapataje stara katikati ya watu?

Ngome iko hatua chache tu kutoka ufukoni, mbele ya uwanja wa Mkunguni wenye kivuli na wazee. Ujenzi wake ulianza kama mwaka 1813 na kumalizika 1821. Kabla kidogo ya hapo Lamu ilikuwa imewashinda Wapate na washirika wao Mazrui wa Mombasa kwenye vita vya Shela, na kwa kuogopa kisasi ikamwita Seyyid Said wa Oman ailinde. Alilinda, akatawala pia. Tangu 1910 hadi 1984 jengo hilo lilikuwa gereza. Sasa ni la maonyesho, maktaba na harusi.

Kwenye makumbusho ya ufukoni zimewekwa siwa mbili, baragumu za sherehe, ambazo mtu akiondoka bila kuziona amekosa kilele cha safari. Moja ni ya shaba, ya Lamu. Nyingine ni ya pembe za ndovu, ya Pate, kazi ya mwisho wa karne ya 17. Zilipulizwa kwenye arusi na sherehe za wakubwa, na aliyeishika siwa ndiye aliyekuwa na mji. Pembe zilitoka bara, kwenye nchi zile zile ambazo msafiri amepita asubuhi. Pembe za ndovu na za faru, ngozi na mifugo vilishuka kutoka Tana na nyika za huko nyuma; vitambaa na bidhaa za ng'ambo vilipanda. Karne ya 19 ulichimbwa hata mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, mitumbwi ya mizigo ipate kufika Kipini kwa urahisi.

Wasomali nao hawakuwa wageni hapa. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, waliishi Wasomali bega kwa bega na Wafamau, Waswahili wa huko, na Bwana Mataka aliyeongoza Siyu kuyapinga majeshi ya Seyyid Said alitawala mji wenye watu wa asili zote hizo. Mke wake alikuwa Mwana Kupona, mshairi aliyetunga mwaka 1858 utendi wa wasia kwa binti yake ambao husomwa mashuleni mpaka leo. Kusini mwa Kismayu visiwa vya Wabajuni vinateremka kama shanga hadi Kiunga na Lamu, na huko Barawa, ndani kabisa ya Somalia, kuna watu ambao lugha yao ya mama ni lahaja ya Kiswahili. Mwanamume wa Garissa aliyevaa macawis akikaa barazani na mwanamume wa Lamu aliyevaa kikoi, mpita njia hatatambua nani ni nani mpaka wafungue kinywa.

Hili lina faida ya moja kwa moja kwa msafiri wa ghafla. Hana haja ya kuuliza nyama imechinjwaje, swala inaswaliwa wapi, wala avae nini. Misikiti ni zaidi ya 20 katika mji unaozungukwa kwa miguu asubuhi moja. Riyadha, uliojengwa takribani mwaka 1900 na Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Komoro aliyefungua darsa zake kwa matajiri na watu wa chini bila kubagua, huvuta wageni kutoka Afrika Mashariki nzima wakati wa Maulidi. Ukiangukia siku hizo bila kuagiza chumba, utalala juu ya paa la mtu. Wapo wanaosema ndiyo malazi mazuri kuliko yote.

Chakula ndipo tofauti hupendeza. Nazi, ambayo jikoni kwa Garissa hupita kwa nadra, hapa imo kwenye wali, kwenye mbaazi, kwenye samaki wa kupaka. Asubuhi ni mahamri na mbaazi. Jioni ni mkate wa mofa, mishikaki na viazi karai, na glasi ya ukwaju. Kahawa chungu huuzwa kwa vikombe vidogo pamoja na halua. Chai ya maziwa ya ngamia hutaipata. Mwenye kuipenda sana aibebe kwenye chupa.

Alasiri inafaa Shela, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu kando ya maji au dakika chache kwa boti. Msikiti wake wa Ijumaa, wenye mnara uliochongoka kama pia, ulijengwa 1829. Nyuma ya kijiji kuna vilima vya mchanga mweupe ambavyo watalii huvipiga picha bila kujua kazi yake. Mvua ikinyesha huzama kwenye mchanga huo na kuelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, na visima vinavyochimbwa hapo ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Ujenzi wa mahoteli ukivikanyaga, mji mzima utakuwa na kiu. Upande wa pili wa mkondo, Manda, mji wa Takwa ulihamwa karne ya 17, na moja ya sababu zinazotajwa ni maji yake kugeuka chumvi. Watu wake walivuka wakaja Shela, na vizazi vyao wamekuwa wakirudi kwenye kaburi lenye nguzo pale magofuni kuomba mvua. Watu wa Garissa, wanaoijua dua ya mvua kwa moyo, hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Tahadhari mbili zisemwe bila kuficha. Ya kwanza ni mvua. Novemba 2023 na tena Aprili 2024 mafuriko ya Tana yaliikata barabara karibu na Madogo, watu wakavushwa kwa boti, na pale Kona Punda boti moja ikapinduka na kuua abiria. Msimu wa namna hiyo hata Nairobi haiendeki. Ya pili ni usalama. Juni 2014 magaidi waliua watu wapatao 60 Mpeketoni na vijiji vya karibu, na kwa miaka iliyofuata magari ya njia ya Lamu yalisafiri kwa misafara inayosindikizwa na polisi. Operesheni ya kuwasaka katika msitu wa Boni ilianza Septemba 2015. Hali imetulia kwa kiasi kikubwa, lakini anayetoka kwa ghafla awapigie simu watu wa basi kabla ya kuondoka, asafiri mchana, na kitambulisho kiwe mfukoni, maana kitaulizwa zaidi ya mara moja.

Kurudi, magari ya kutoka Mokowe huondoka mapema, kwa hiyo boti ya kuvukia ni ile ya alfajiri. Mtu akiikosa hiyo, siku imemponyoka.

Barabara fupi kuliko hii imeanza kujengwa. Mradi wa uchukuzi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012, una bandari ya gati 32 zilizokusudiwa, na ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Pamoja nayo kuna barabara ya kutoka bandarini kupitia Ijara hadi Garissa, kisha Isiolo. Wajenzi wake wameshambuliwa zaidi ya mara moja na kazi ikasimama na kuanza tena. Ikikamilika, Lamu itafikiwa bila kuuvuka Mto Tana hata mara moja, na mwenye gari lake ataondoka Garissa baada ya alfajiri na kula chakula cha mchana Mkunguni.